Alasiri ya Rama Bulega

Tiketi zilisema saa tisa alasiri. Saa kumi na moja ilipita, na jukwaani hapakuwa na mtu isipokuwa fundi wa mitambo aliyekwenda na kurudi akisema "moja, mbili, moja, mbili" kwenye kipaza sauti, mpaka watu wakaanza kumjibu kwa kejeli, "Tatu, nne!"

Zahara alicheka pamoja na wengine, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Alikuwa ameketi safu ya pili kutoka mbele, katika bustani ya hoteli moja kati ya Ntinda na Kyambogo, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cheupe. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mahema ya chakula. Harufu ya nyama choma ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mtandio.

Kuliani kwake alikaa Faizal, mwenye duka la dawa Ntinda, mtu wa miaka arobaini na miwili aliyefiwa na mke miaka mitano nyuma. Ijumaa ijayo wazee wake walikuwa waje kwa Bi Mahfudha, mama yake Zahara, kuleta posa. Bi Mahfudha alikwisha toa mapazia mapya na kuwapigia simu ndugu wa Jinja na Mombasa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Zahara mwenyewe, na hilo hakuna aliyeliuliza.

"Vumilia kidogo," Faizal alisema, akimpa chupa ya maji aliyokwisha kumfungulia kifuniko. "Mtu mzima yule. Akija atatusahaulisha yote."

"Mbona sijachoka."

"Umechoka. Umetazama saa mara tano."

"Nne."

Faizal akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, na Zahara aliupenda wepesi ule kama mtu anavyopenda kivuli cha nyumba ya jirani: kinampoza, lakini si chake.

"Mimi Rama Bulega nimempenda tangu niko shule ya msingi," Faizal aliendelea. "Harusi ya shangazi yangu walipiga 'Usifunge Dirisha' mpaka kanda ikakatika. Lakini kumwona kwa macho, sijawahi. Na wewe?"

"Sijawahi."

"Basi leo tutamwona wote kwa mara ya kwanza. Pamoja."

Neno lile la mwisho lilimchoma Zahara, akageuza uso kama anayetafuta mtu katikati ya umati. Siku Faizal alipomwonyesha tiketi, alikaribia kumwambia hapana. Rama Bulega, kwake yeye, alikuwa na mwenyewe mwingine. Miaka minane iliyopita, akiwa mwaka wa mwisho wa ualimu chuoni Kyambogo, alimwahidi mwanamume mmoja kwamba siku mwimbaji yule atakapopanda jukwaa lolote Kampala, watakwenda wawili, na wimbo wa "Usifunge Dirisha" utakapoanza watasimama hata kama wengine wote wamekaa.

Mwanamume huyo aliitwa Odur. Alikuwa askari polisi kijana, mtoto wa Sajini Oola wa kambi ya Naguru, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye maneno machache. Walijuana Kikuubo, dukani kwa baba yake Zahara, Mzee Maftah, aliyekuwa akiuza mashuka na vitenge kwa jumla. Msimu wa sikukuu Odur alipangwa kulinda njia ile, na kila adhuhuri alikuja kuomba maji ya kunywa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alisema "watu mingi" na "kitu ingine", na Zahara, ambaye kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani tangu mababu walipokuja na bidhaa kutoka pwani, alimsahihisha huku akificha meno kwa mtandio. "Watu wengi, Odur." "Haya, mwalimu. Watu wengi. Lakini mimi naona moja tu."

Ndivyo yalivyoanza.

Namna yalivyokwisha, Zahara hakupenda kuikumbuka. Hata hivyo aliikumbuka kila wiki.

"Hao! Hao wanakuja!" mtu alipiga kelele nyuma.

Hakuwa Rama Bulega. Walikuwa askari polisi kumi hivi, waliingia kwa mstari mmoja na kujipanga kati ya jukwaa na uzio wa chuma uliowazuia watu. Kamanda wao akatoa amri, wote wakageuka. Jukwaa likabaki nyuma ya migongo yao, nyuso zikawaelekea watazamaji.

Zahara alimjua kabla hajauona uso. Alimjua kwa ule mtindo wake wa kusimama na uzito wote mguu wa kushoto. Alikuwa amenenepa kidogo mabegani. Begani palikuwa na mistari ya sajini. Macho yake yalipita juu ya safu ya kwanza, yakaja ya pili, yakafika kwa Zahara, yakasimama.

Chupa ya maji ikamponyoka mkononi.

"Vipi?" Faizal aliuliza, akiinama kuiokota. "Umelowa?"

"Si kitu. Maji tu."

Alipoinua tena kichwa, Odur alikuwa bado anamtazama. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Kisha macho yake yakahamia kwa Faizal, kwa mkono wa Faizal uliokuwa ukipangusa maji kwenye mkoba wa Zahara kwa leso, halafu yakaenda mbali, juu ya vichwa vya watu, yakabaki huko.

Saa kumi na mbili kasoro robo Rama Bulega akatokea.

Watu walisimama, wakapiga makofi na vigelegele. Alikuwa amevaa koti la kumetameta lililokuwa kubwa mno kwake, kama la kuazima, na miwani myeusi. Alipandishwa ngazi na vijana wawili waliomshika viwiko. Nyuma yake hapakuwa na bendi. Palikuwa na meza moja na mtu mmoja mwenye kompyuta.

"Bendi iko wapi?" Faizal alinong'ona.

Muziki ukaanza, na sauti ya Rama Bulega ikajaa bustani, laini, ya ujana, kama ilivyokuwa kwenye redio miaka thelathini nyuma. Watu wakashangilia. Lakini mzee yule jukwaani alikuwa na kipaza sauti kifuani wakati sauti ikiimba. Alikumbuka kukipandisha mdomoni mstari ulipokuwa umekwisha nusu. Wimbo wa pili alitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine akipunga mkono, akasimama kunywa maji, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye.

Mama mmoja nyuma ya Zahara akasema kwa sauti ya kuumia, "Bambi, jamani! Anatuwekea CD! Tumekaa hapa tangu mchana kusikiliza CD!"

"Hata gari langu lina CD," mwingine akajibu, na wale waliokuwa karibu wakaangua kicheko kikali.

Faizal hakucheka. Alikuwa amekaa akipapasa vidole vyake, uso umemwanguka kama mtoto aliyeahidiwa safari ikaahirishwa. "Labda anatunza sauti," alisema. "Labda wimbo ule mkubwa atauimba mwenyewe."

Ule mkubwa ukaja. Kinanda cha mwanzo cha "Usifunge Dirisha" kiliposikika, watu walinyamaza. Zahara alikuta magoti yake yamekwisha mnyanyua. Hakujua alisimamaje. Alikuwa wima, peke yake katika safu yake, na mbele yake, hatua kumi tu, Odur alikuwa wima pia kwa kuwa kazi ilimtaka asimame. Safari hii hakuyakwepesha macho.

*Usifunge dirisha, bado niko njiani,* iliimba sauti ya ujana. Kisha mitambo ikakwama. "Njiani, njiani, njiani," ikarudiarudia, ikakatika kabisa.

Rama Bulega akavua miwani. Akamtazama mtu wa kompyuta, akawatazama watu. Halafu, labda kwa aibu, labda kwa ujasiri, akaanza kuimba mwenyewe bila ala yoyote. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na ya mikwaruzo, ikapanda kutafuta noti ya juu, ikavunjika. Akaanza tena. Ubeti wa pili ukampotea. Akawanyooshea watu kipaza sauti wamsaidie.

Hawakumsaidia. Walicheka, wakapiga miluzi. "Rudi nyumbani, Mzee!" "Tumechoka!"

Odur alifumba macho. Mzee alikuwa akiaibika nyuma yake na hakuruhusiwa kugeuka. Kambini Naguru, Odur alimwambia Zahara zamani, baba yake alikuwa akiupiga wimbo ule kila Jumapili asubuhi huku akipiga pasi sare yake, na ndio wimbo uliomfundisha nusu ya Kiswahili chake.

Chupa ya kwanza ya plastiki ikaruka, ikagonga ukingo wa jukwaa. Ya pili ikamfikia mzee kwenye bega. Wale vijana wawili wakamshika viwiko, wakamteremsha haraka. Alikuwa ameimba nyimbo nne, na wa nne haukumalizika.

"Hii ni dharau!" Faizal alisimama. Zahara hakuwahi kumwona amekasirika. "Namfahamu mmoja wa walioandaa hii shughuli, ni mteja wangu. Lazima anieleze. Nisubiri hapa hapa, Zahara, usiondoke."

"Faizal, achana nao, twende zetu."

"Dakika mbili."

Akapotelea kwenye umati. Na umati haukungoja dakika mbili. Watu wa nyuma walikuwa wakisukuma kuja mbele, viti vikapinduka, mtoto akalia mahali. Zahara alibanwa kwenye uzio wa chuma mpaka pumzi ikamwishia. Akasikia mlango wa uzio ukifunguliwa pembeni yake, na mkono ukamshika kiwiko kwa nguvu.

"Pita hapa. Inama. Pita."

Alimpitisha kando ya jukwaa, nyuma ya spika kubwa, mpaka nyuma ya mahema ya chakula, ambako mama mmoja alikuwa akimwagia maji makaa ya jiko lake. Huko palikuwa na utulivu, na kelele za watu zilisikika kwa mbali.

Odur akamwachia mkono mara moja, kama aliyeshika kitu cha moto.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Watu mingi sana leo. Na polisi kidogo." Akaongeza, "Watu wengi."

Zahara alihisi machozi yakimpanda. "Sikukusahihisha."

"Najua. Mimi najisahihisha mwenyewe siku hizi."

Walisimama wakitazamana. Alikuwa na mvi chache juu ya masikio, naye alikuwa na miaka thelathini na minne tu.

"Ulirudi lini?" Zahara aliuliza.

"Miezi mbili sasa. Nilikuwa Moroto, halafu Kitgum. Wakanirudisha Kampala." Akatazama kule walikotoka. "Yule ni bwana yako?"

"Bado. Ijumaa wanaleta posa."

"Anaonekana mtu mzuri. Alipangusa maji kabla ya kupangusa suruali yake mwenyewe."

"Ni mtu mzuri. Na wewe?"

"Nina mke. Anaitwa Lamunu, ni mwalimu kama wewe. Na mtoto, msichana. Ana miaka tatu."

Ilikuwa habari ya kawaida kabisa, habari ambayo Zahara angeweza kuibashiri, na bado ilimwingia kama maji baridi mgongoni. Akajikaza.

"Hongera."

"Asante."

Mama wa jiko akawatupia jicho, akaokota koleo lake, akaingia hemani. Zahara alijua Faizal anamtafuta. Alijua pia kwamba asiposema sasa, hatasema mpaka kufa.

"Odur, siku ile pale ngazi za maktaba. Nilikudanganya."

Odur akamkazia macho.

"Nilikwambia sikuwahi kukupenda. Nilikwambia nilikuwa najipitishia siku tu, na kwamba mtu kama wewe nisingeweza kumpeleka nyumbani. Yalikuwa maneno ya uongo, yote. Mama alijua habari zetu. Aliniambia moyo wa Baba ni mbovu, na siku nitakayomletea mtoto wa kambi asiyejua hata kutawadha ndiyo siku tutakayomzika. Nikaogopa. Nikajua nikikwambia kweli hutaondoka, utasema tungoje. Kwa hiyo nikatafuta maneno ambayo yangekuondoa. Niliyapata. Uliondoka."

Odur alivua kofia yake, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa.

"Moyo ya Mzee," alisema hatimaye. "Mama yako alisema Mzee atakufa."

"Ndiyo."

"Zahara, Mzee hakukuambia kitu?"

"Kitu gani?"

"Mimi nilienda kwake."

Zahara akamkodolea macho.

"Nilienda dukani, mara tatu, kila Alhamisi. Wewe ulikuwa chuo. Mara ya kwanza nilitetemeka mpaka nikaangusha vitenge yake. Nikamwambia, Mzee, mimi ni polisi, mtoto wa polisi, bibi yangu upande wa mama alikuwa Mwislamu lakini mimi sijui kitu. Nampenda binti yako. Nilingoja anifukuze. Unajua alifanya nini? Aliagiza chai."

"Baba?"

"Chai na sambusa. Akaniuliza mambo ya nyumbani, mambo ya kazi. Mara ya pili akanipeleka kwa sheikh rafiki yake, anifundishe dini. Akasema, usimwambie Zahara bado, na mama yake usimguse, huyo niachie mimi. Alisema, ngoja Idi ipite. Baada ya Idi nitazungumza naye, atalia siku mbili, halafu ataanza kuhesabu wageni." Odur alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mara ya tatu alinishika mkono, akaniita mwanangu. Ilikuwa Alhamisi. Wewe uliniita kwa ngazi ya maktaba Jumamosi."

Zahara alishika nguzo ya hema. Mambo yalianza kujipanga kichwani mwake moja baada ya jingine, na kila moja lilimuumiza mahali pake. Alikumbuka jioni ya wiki ile, Mzee Maftah akikunja mashuka kaunta, akamuuliza bila kuinua uso: "Yule kijana Odur, mwanangu. Umemwacha kwa hiari yako?" Zahara alishtuka kwamba jina lile analijua, akadhani ni mama aliyemwambia, akadhani anapimwa. Akajibu haraka, "Kwa hiari yangu, Baba. Hakuwa mtu wa maana kwangu." Baba yake aliendelea kukunja. "Haya," alisema. "Moyo haulazimishwi." Zahara alifikiri amefurahi. Miaka mitatu sasa Mzee Maftah alikuwa kaburini, na binti yake alikuwa akijifariji kwamba angalau hakumuudhi.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Pale pale kwenye ngazi, kwa nini hukusema kwamba Baba amekubali?"

"Ningesema nini? Mwanamke amesema hanipendi, mimi niseme lakini baba yako ananipenda?" Odur alitikisa kichwa. "Nilijiambia labda nilikuwa mjinga peke yangu. Nikaomba uhamisho. Kule Moroto nikaendelea na masomo ya dini miezi mbili, halafu nikaacha. Nilikuwa nasoma kwa sababu ya mtu, si kwa sababu ya Mungu. Haikuwa sawa."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, bila kujua kitu ya kusamehe. Ndiyo nikaweza kuoa." Akavaa kofia. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Sasa umenipa kazi mpya. Nilikuwa nimezoea kwamba hukunipenda. Ilikuwa imekaa vizuri. Leo nitaenda nyumbani kwa Lamunu na hii nyingine, na sitaweza kumwambia."

"Bora nisingesema?"

Alifikiri. "Hapana. Bora ungesema ile siku."

Simu ikalia mkobani. Jina la Faizal likawaka. Kabla Zahara hajaipokea, Faizal mwenyewe alitokea kwenye kona ya hema, anahema, kitufe kimoja cha shati kimekatika.

"Alhamdulillah! Zahara! Nimekutafuta mpaka nimechanganyikiwa. Umeumia?"

"Sikuumia."

"Alibanwa kwa uzio," Odur alisema. Alikuwa amesimama wima tena, kisajini. "Nimemtoa."

"Asante sana, Afande. Mungu akuzidishie." Faizal alimpa mkono, Odur akaupokea. Zahara alitazama mikono ile miwili ikishikana, akageuza uso.

"Ni kazi yangu, bosi. Pitieni mlango wa jikoni, kule mbele bado kuna fujo." Kisha, kwa namna ambayo ingeweza kuwa ya askari yeyote kwa mwananchi yeyote, akamwambia Zahara, "Fika salama."

Akaondoka kurudi kwenye kelele. Hakugeuka nyuma.

Walipofika na gari barabara ya Ntinda, magari yalikuwa yamesimama kama kawaida, bodaboda zikipenya katikati. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha zamani kidogo. Faizal alizima redio.

"Yule mteja wangu sikumpata," alisema. "Simu amezima." Akamgeukia. "Yule afande mnajuana."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Zahara: alikuwa mteja wa Baba dukani. Lilikuwa jibu laini, karibu la kweli, na Faizal angelikubali kwa sababu alikuwa mtu wa kukubali. Wangefika nyumbani, Ijumaa ingefika, mapazia mapya yangetundikwa. Asingeumia mtu. Siku ya maktaba pia alikuwa amejiambia vivyo hivyo, kwamba hataumia mtu.

"Tulipendana," alisema. "Miaka minane iliyopita. Nilimfukuza kwa uongo nikidhani namlinda baba yangu. Leo nimejua kwamba baba yangu alikuwa amekwisha mkubali."

Faizal alishika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari halikuwa linakwenda.

"Bado?"

"Ana mke. Ana mtoto."

"Sikuuliza yeye ana nini."

Gari la mbele lilisogea hatua moja. La nyuma likapiga honi.

"Bado," Zahara alisema.

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mwema, Faizal, sina..."

"Usiniambie wema. Wanaokuja kununua Panadol wananiambia wema kila siku." Hakupandisha sauti. Hilo lilimuuma Zahara kuliko kama angegomba. "Niambie kitu kimoja. Ungekuwa hukumwona leo, ungenikubali Ijumaa?"

"Ningekukubali. Ningekutunza na kukuheshimu, usingesikia lalamiko. Na kila siku ningekuwa nakudanganya kidogo."

Faizal akaitikia kwa kichwa polepole, mara mbili, tatu. Honi ikapigwa tena nyuma. Akasogeza gari.

"Nilishamzika mke niliyempenda," alisema, macho barabarani. "Najua mapenzi yalivyo yakiwa yenyewe. Nilidhani safari hii nitaridhika na kidogo." Akakohoa. "Wazee nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi niliyekataa. Mama nitamwambia mwenyewe, leo hii."

Alimfikisha hadi getini. Alishuka kumfungulia mlango kama alivyofanya siku zote, akamwambia usiku mwema, akangoja mpaka alipoingia ndipo akawasha gari.

Bi Mahfudha alikuwa sebuleni, ameketi zuliani, pindo la pazia jipya magotini na sindano mkononi. Akainua uso, furaha imemjaa.

"Haya, tuambie! Rama Bulega aliimba?"

"Alijaribu." Zahara alibaki amesimama mlangoni. "Mama, ulijua kwamba Baba alimkubali Odur?"

Sindano ikasimama. Bi Mahfudha hakuuliza Odur ni nani. Alitazama kitambaa, akakilainisha kwa kiganja, akakilainisha tena pale pale.

"Aliniambia," alisema.

"Lini?"

"Jioni ile ile uliyokuja kusema umemwacha. Tulipokuwa wawili chumbani. Alisema, Mahfudha, nilikuwa nimempa yule kijana neno langu." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Nikamwambia yamekwisha, mtoto ameamua mwenyewe, usimchokonoe. Nikamwapisha asikwambie. Nilidhani utasahau, Zahara. Mwaka mmoja, miwili. Halafu kila mwaka uliopita ukawa mgumu zaidi kusema. Baba yako alipokuwa hospitali alinitazama, nikajua anachotaka. Nikajifanya sikuona."

Zahara alitaka kukasirika. Aliingoja hasira ije imsaidie, haikuja. Mbele yake alikaa mwanamke wa miaka sabini, miwani imemshuka puani, ambaye uongo wa bintiye na wake mwenyewe ulimkalia kifuani miaka minane bila mtu wa kumgawia.

Akavua viatu. Akaenda, akakaa zuliani karibu naye, bega kwa bega.

"Ijumaa hawatakuja," alisema.

Bi Mahfudha hakuuliza kwa nini. Aliliweka pazia kando, akautafuta mkono wa mwanawe bila kumtazama, na alipoupata akaushika.